SOMO: KUKU NA BUSTANI YA NYUMBANI



Mkoa wetu wa Ruvuma unasifiwa kwa chakula. Mahindi ya Songea, Namtumbo na Mbinga husafiri mbali kulisha miji mikubwa. Hapa Tunduru tunao mpunga wa mabondeni, tunayo mihogo, na korosho hutuletea fedha. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha jambo la kuhuzunisha. Katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka 5, zaidi ya 35 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia kile cha umri wao. Kwa nchi nzima hesabu hiyo ilikuwa 30. Basi mkoa wenye maghala yaliyojaa umeipita nchi nzima kwa watoto waliodumaa.

Sababu zake ni nyingi. Yako maradhi, yako maji machafu, na wako kina mama wanaochoka mno wakati wa mimba. Lakini sababu moja iko katika sahani. Mtoto anashiba ugali, wala hapati kitoweo cha kutosha. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Mwili wa mtoto hujengwa kwa mayai, nyama, samaki, maharage na maziwa, na hulindwa kwa mboga za majani na matunda. Mahindi peke yake hayawezi kazi hiyo, hata yawe gunia 50.

Somo hili linahusu njia moja ambayo karibu kila nyumba yaweza kuifuata bila fedha nyingi: kuku wachache na bustani ndogo ya mboga, vikitunzwa pamoja nyuma ya nyumba. Lisomwe polepole, ikiwezekana katika kikundi, na mwisho yapo maswali ya kuzungumza.

1. KWA NINI PAMOJA?

Watu wengi wetu tunao kuku. Wengi pia huotesha mchicha au maboga. Lakini mara nyingi vitu hivi viwili ni maadui. Kuku huingia bustanini na kuichakura, mwenye bustani huwarushia mawe, na mwisho mmoja wapo huachwa.

Vikipangwa vizuri vitu hivi vinalishana. Kuku hula majani yaliyochakaa, wadudu, na mbegu za magugu. Samadi yao ina nguvu kuliko ya ng'ombe au mbuzi, nayo hurutubisha udongo. Udongo huo hutoa mboga kwa watu, na mabaki ya mboga hurudi kwa kuku. Hakuna kinachotupwa, na duka la mbolea halihitajiki.

Wenzetu wa mkoa huu huu wametufundisha zamani kwamba ardhi hulishwa kwa majani yake yenyewe. Wamatengo wa Mbinga, wanaokaa katika milima mikali, wana kilimo chao cha mashimo kiitwacho ngoro. Hukata nyasi, huziacha zikauke, huzipanga chini kwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi zile. Hupanda maharage juu ya matuta, na baadaye mahindi. Nyasi huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea, na shimo la katikati hushika maji ya mvua yasiuchukue udongo kwenda bondeni. Kwa njia hiyo wamelima milima ile tangu enzi za mababu.

Sisi wa Tunduru tuna ardhi tambarare zaidi, na hatuhitaji mashimo yale. Lakini tunayo desturi ya kuwasha moto kila kiangazi. Nyasi, mabua na majani ya mikorosho vyote huwa moshi, kisha twalalamika kwamba udongo umechoka. Jirani zetu wa Mbinga huzika nyasi, nasi twazichoma. Hapo pana jambo la kufikiri.

2. MAHALI PA KULALA KUKU

Kuku wakilala juu ya mti au jikoni, samadi hupotea, na fungo na kicheche hupata chakula cha bure. Hivyo jambo la kwanza ni banda la kulala.

Banda laweza kujengwa kwa miti, mianzi na nyasi. Kwa kuku wa kienyeji wanaotembea mchana, mita moja ya mraba yatosha kuku 5 usiku. Banda la mita 2 kwa mita 2 laweza kulaza kuku 20. Liinuliwe juu ya nguzo kiasi cha kimo cha goti au zaidi, na sakafu iwe ya mianzi yenye nafasi ndogo, ili kinyesi kianguke chini. Hapo chini tandaza makapi ya mpunga, ambayo mashineni mara nyingi hurundikwa bila kazi. Kila wiki yazolewe pamoja na kinyesi, na mengine yawekwe.

Ndani ya banda nyunyiza majivu mara kwa mara kwa ajili ya utitiri. Karibu na banda weka mahali penye mchanga uliochanganywa na majivu, kuku waoge wenyewe. Maji safi yawepo kila siku, katika chombo kizito kisichopinduka.

Usiwaache kuku walale ndani ya nyumba wanamolala watoto, wala wasizurure jikoni. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kutia mdomoni, na kinyesi cha kuku huleta kuhara. Mtoto anayeharisha kila mara hawezi kukua, hata akila vizuri. Tusitoe faida kwa mkono mmoja na kuiondoa kwa mwingine.

3. VIFARANGA NA CHAKULA CHAO

Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha huatamia kwa siku 21. Kwa mwaka aweza kufanya hivyo mara 3 hivi. Tufanye hesabu: mitetea 5, kila mmoja akitaga mayai 12 mara 3, ni mayai 180 kwa mwaka. Yakiatamiwa nusu, yanabaki mayai 90 ya kuliwa nyumbani. Ni machache, lakini katika nyumba nyingi mtoto hapati hata 10 kwa mwaka.

Mahali pengi zamani mtoto na mama mjamzito walikatazwa mayai, na katika nyumba nyingine hata sasa mayai huuzwa yote. Tuuze, maana chumvi na daftari zinahitaji fedha. Lakini mtoto aliyefikisha miezi 6, yai lililopikwa likaiva ni chakula chake, na mjamzito vilevile.

Hasara kubwa ya ufugaji wetu ni vifaranga. Hutotolewa 10, na baada ya mwezi wamebaki 3. Mwewe amechukua, mvua imeua, njaa imemaliza. Basi kwa wiki 4 za kwanza vifaranga wafunikwe kwa tenga mchana, wapewe maji na chenga za mahindi, na mama yao awe karibu.

Chakula cha kuwajenga twaweza kukipata bure katika vichuguu, vilivyojaa katika nchi yetu. Chukua chungu kikuukuu, jaza mabua makavu na samadi kidogo ya mbuzi au ng'ombe, nyunyiza maji, kisha kifudikize jioni juu ya tundu la kichuguu. Asubuhi mapema, kabla ya jua kali, kiinue. Utakuta mchwa wamejaa. Wakung'utie vifaranga. Ni nyama yao.

4. KUTENGENEZA MBOJI

Samadi mbichi ya kuku ni kali. Ukiiweka moja kwa moja kwenye mchicha, majani huungua na kukauka. Tena samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, na mboga za majani hukaa karibu na udongo. Kwa sababu hizi mbili samadi sharti ioze kwanza. Fanya hivi:

(a) Chagua mahali penye kivuli, karibu na bustani. Pima upana wa mita 1 na nusu, na urefu upendavyo.

(b) Chini kabisa weka mabua au vijiti ili hewa ipite.

(c) Weka tabaka la nyasi kavu, majani ya mikorosho au mabua yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja kimoja. Juu yake weka tabaka jembamba la samadi ya kuku na makapi yake. Kisha majani mabichi na mabaki ya jikoni. Nyunyiza majivu kidogo na udongo kidogo. Mwagia maji.

(d) Rudia tabaka hizo mpaka rundo lifike mita 1 au zaidi. Funika kwa nyasi au majani ya migomba.

(e) Choma kijiti kirefu mpaka katikati ya rundo na ukiache humo. Baada ya siku 4 au 5 kichomoe, ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea vizuri. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa kimelowa na kunuka vibaya, maji yamezidi au samadi imezidi. Pindua rundo na uongeze nyasi kavu.

(f) Baada ya wiki 3 pindua rundo lote, ya nje yaende ndani. Rudia baada ya wiki 3 nyingine. Kwa kawaida baada ya miezi 3 mboji huwa tayari. Huwa nyeusi, hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua, wala huwezi kutambua tena nyasi zilizotiwa.

Katika mfano wa mtini usiozaa (Luka 13), mtunza shamba aliomba muda wa mwaka mmoja zaidi ili auchimbulie mti na kuutia samadi. Alijua kwamba mti usiozaa pengine haujalishwa. Ndivyo ulivyo udongo wetu.

5. BUSTANI YENYEWE

Anza kidogo. Vitalu 3 vya mita 1 kwa mita 4 vyatosha kuanzia. Upana usizidi mita 1, ili ufike katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo.

Kwanza zungushia ua wa mianzi, mabua au matete, wenye kimo kinachozuia kuku. Bila ua usipoteze mbegu zako.

Wakati wa masika inua matuta ili maji yasisimame. Wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Oktoba, fanya kinyume: chimba vitalu vizame kidogo kama majaruba madogo, ili maji unayomwagia yasikimbie. Tia ndoo 2 za mboji kwa kila mita ya mraba, changanya na udongo, kisha funika juu kwa nyasi kavu baada ya miche kushika. Nyasi hizo huzuia jua lisikaushe udongo, na hupunguza kazi ya kumwagilia. Maji ya kunawia mikono na ya kuoshea mboga na vyombo yatumike bustanini, yasimwagwe njiani.

Chagua mboga zinazopenda nchi yetu: mchicha, matembele, maboga kwa majani yake, mnavu, bamia, nyanya chungu, kunde. Pembeni panda mpapai mmoja au miwili na mlonge. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A kwa wingi, navyo ni vizuri kwa macho na kwa kinga ya mwili wa mtoto. Usipande mboga ya aina moja mahali pamoja kila mara. Baada ya mchicha panda kunde, baada ya kunde panda bamia.

Wadudu watakuja. Wakiwa wachache waokote kwa mkono, uwape kuku. Vidukari wapulizie majivu wakati majani yana umande. Wakizidi, twanga mbegu kavu za mwarobaini, nusu kilo kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, kisha nyunyizia jioni.

Hapa lazima tuonyane. Nyumba zetu nyingi zina dawa za kupulizia mikorosho. Ziko nyumba ambazo dawa iliyobaki hunyunyiziwa mchicha, na chupa yake huoshwa ikawa ya mafuta ya kula. Dawa ile ilipimwa kwa mkorosho, haikupimwa kwa mboga inayochumwa kesho yake na kuliwa na mtoto. Isitumike bustanini kabisa. Chupa zake zitobolewe, zisitumike tena.

6. MDONDO, ADUI WA KAZI YOTE HII

Yote tuliyoyasema yaweza kuharibika kwa wiki moja. Kila mmoja wetu amepata kuona uwanja uliokuwa na kuku 20 leo, na wiki ijayo hauna hata mmoja. Huo ni mdondo, wengine huuita kideri. Mara nyingi huja mwisho wa kiangazi, kuelekea mvua za kwanza. Kuku husinzia, mabawa huanguka, huhema kwa shida, huhara kijani, wengine shingo hupinda. Kisha hufa karibu wote.

Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu kwanza mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, ukaonekana pia Newcastle, Uingereza, na kwa lugha ya kitaalamu ukapewa jina la mji huo. Hakuna dawa ya kuutibu. Pilipili na shubiri tunazotia katika maji ya kuku haziwezi kushika mahali pa chanjo.

Chanjo ipo. Zamani chanjo iliharibika upesi kwa joto, ikataka barafu tangu mjini hadi kijijini, na kwa njia zetu hilo lilikuwa gumu. Baadaye wataalamu wa Australia walipata chanjo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko zile za kwanza, na nchi yetu ikaanza kuitengeneza yenyewe katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Hutiwa tone 1 katika jicho 1 la kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Haihitaji sindano. Hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Yakumbukwe mambo haya:

- Chanja kuku wazima tu. Ugonjwa ukishaingia umechelewa.
- Kinga huchukua kama wiki 2 kushika. Kwa hiyo chanjo ya Agosti isikose, kabla ya miezi ya hatari.
- Ingawa chanjo hii huvumilia joto, usiiache juani. Ifunge katika kitambaa chenye unyevu, na ikishafunguliwa itumike siku ileile.
- Kuku waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu. Wasitupwe porini, wala wagonjwa wasipelekwe gulioni.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa kanisani. Siku ya mavuno twaleta kuku wa sadaka kutoka kila kijiji. Hufungwa miguu, huwekwa pamoja, na baada ya ibada hunadiwa na kupelekwa nyumba nyingine. Kuku mmoja mwenye ugonjwa usioonekana bado aweza kuupeleka katika nyumba 10 kwa siku moja. Hatusemi mnada uachwe. Twasema kuku aliyenunuliwa mnadani, au aliyeletwa na mgeni, akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine, na chombo chake cha maji kiwe mbali.

7. HAIFAI KUFANYA PEKE YAKO

Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Mtu mwenye kuku 8 akinunua peke yake, nyingi itamwagwa. Tena akichanja yeye na jirani asichanje, ugonjwa hubaki pale pale mlangoni, na vifaranga wapya ambao hawajachanjwa watakufa. Bustani mtu aweza kulima peke yake. Chanjo sharti iwe ya kijiji, Wakristo na Waislamu pamoja, maana kuku hawaulizani dini.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa kwa vikundi chini ya miti, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaondoka wakachimba vyoo na kulima bustani. Walioshiriki walikuwa mamilioni. Nguvu yake ilikuwa katika kutoka kikundini na kwenda kufanya kazi ileile siku zilezile. Njia hiyo haijachakaa.

Basi kila kikundi kichague mtu mmoja wa kuhesabu kuku wa nyumba zote, Wakristo na wasio Wakristo, na mwingine wa kwenda kwa bwana mifugo wa kata kuuliza bei na siku ya chanjo. Tukishika miezi ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, hakuna atakayesahau. Mchango wa kila nyumba utakuwa mdogo, mdogo kuliko bei ya kuku mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika nyumba zetu, mtoto wa miaka 2 alikula nini jana? Alipata kitoweo gani?
2. Mwaka uliopita, nyumba za kikundi hiki zilipoteza kuku wangapi kwa mdondo? Wangeuzwa, wangeleta fedha kiasi gani?
3. Nyasi na mabua ya shamba lako huenda wapi baada ya mavuno?
4. Nani kati yetu anajua kutengeneza mboji au kutega mchwa? Lini atatuonyesha kwa vitendo?
5. Nani atahesabu kuku, na nani atakwenda kwa bwana mifugo? Andikeni majina na tarehe kabla ya kuondoka.